Utulivu baada ya shambulio si udhaifu

Umeuliza, ndugu, kama jamii inayoukabili ugaidi kwa utulivu haijionyeshi kuwa dhaifu mbele ya wauaji. Nitajibu kwa yaliyonipata, kwa sababu siku utulivu ulipohitajika, mimi niliukosa.

Saa chache baada ya shambulio moja, nilitumiwa picha ya kijana mwenye begi mgongoni, ikiwa na maneno kwamba ndiye muuaji na kwamba isambazwe upesi kabla hajatoroka. Niliituma katika makundi matatu, nikiamini kabisa kwamba ninasaidia. Jioni ikabainika kuwa kijana yule alikuwa msafiri tu. Niliifuta, lakini ilikwisha kufika nisikoweza kuifuata, na jambo hilo bado linaniuma.

Gaidi hana jeshi la kuishinda nchi. Anategemea kwamba hofu itatufanya tuikamilishe kazi yake wenyewe, kwa kumshuku jirani kwa sababu ya dini au asili yake na kwa kuishinikiza serikali itende kwa pupa. Na pupa huua: tarehe 22 Julai 2005, wiki mbili baada ya mabomu yaliyoua watu 52 huko London, na siku moja tu baada ya jaribio jingine lililoshindikana, polisi walimpiga risasi ndani ya treni fundi umeme kutoka Brazil waliyemdhania kuwa mlipuaji, naye hakuwa na hatia yoyote.

Tarehe kama hiyo mwaka 2011, mtu mmoja aliua watu 77 nchini Norwei, wengi wao vijana waliokuwa kambini katika kisiwa cha Utøya. Waziri Mkuu Jens Stoltenberg alisema jibu lao litakuwa demokrasia zaidi na uwazi zaidi. Muuaji alifikishwa katika mahakama ya kawaida, ushahidi ukasikilizwa kwa takriban wiki kumi, kisha akahukumiwa kifungo cha miaka 21 kinachoweza kurefushwa. Wala utulivu huo haukuwa kunyamaziana, kwani tume ya uchunguzi ilitamka wazi kwamba polisi wangeweza kumkomesha mapema zaidi.

Siku hizi nikiletewa picha ya namna ile, humuuliza aliyenitumia ameipata wapi. Karibu kila mara hunijibu kwamba naye ametumiwa tu, na baada ya hapo huiondoa.