Meza yenye taa: ni sanaa au uchomeleaji?
Yaya, umeuliza kama yule fundi wa Katuba, hapa Lubumbashi, anayetengeneza meza za chuma na shaba zenye taa ndani ni msanii au mchomeleaji tu. Ni vyote viwili, wala si jambo geni. Diego Giacometti, mchongaji wa Uswisi, alitengeneza fanicha na taa za Makumbusho ya Picasso kule Paris, yaliyofunguliwa 1985, na hakuna anayeziita vyuma. Sisi wa Lubumbashi ndio tushangae shaba? Misalaba ya shaba ya Katanga ilikuwa pesa kabla ya noti!

Mimi ningeangalia mwanga kwanza. Bati la shaba likitobolewa matundu madogo na kung'arishwa upande wa ndani tu, linatupa ukutani mwanga wa rangi ya asali. Nje liachwe lififie lenyewe. Ukiling'arisha kotekote, umepata sufuria. Kisha pitisha kidole kwenye maungio: kikikwaruzwa, kazi haijaisha. Na waya unapita wapi? Tundu lisilo na mpira hula ganda la waya polepole, siku moja meza nzima inakurusha.

Bei anayotaka fundi si mbaya. Shaba huuzwa kwa kilo, hata chakavu.