Tatuu ya jina kwenye kifundo cha mkono: leza, si ndimu

Dada wa Kigoma unayeuliza utafutaje tatuu ya jina fupi kwenye kifundo cha mkono, kinachofuta tatuu bila kukata ngozi ni leza, yaani mwanga mkali wa mashine. Hiyo ndimu na chumvi unayoshauriwa achana nayo, na maji ya betri ndiyo kabisa: ile ni asidi, itakuchoma na kukuachia kovu, pengine jina bado linasomeka. Wino umekaa tabaka la ndani la ngozi, krimu za kupaka haziufikii. Leza huuvunja kuwa chembechembe ndogo, kisha mwili wenyewe unaziondoa taratibu, ndiyo maana utarudi mara kadhaa, ukipumzika wiki 6 hadi 8 au zaidi kila awamu. Wino mweusi hutoka kirahisi kuliko wa kijani au njano.

Kwa ngozi nyeusi kama zetu, kabla hujalipa uliza kama mashine ni Nd:YAG (aina ya leza) ya nanomita 1064, yaani urefu wa wimbi la mwanga wake. Mwanga huo haunyonywi sana na melanini, rangi ya asili ya ngozi, hivyo hatari ya kubaki na baka jeupe inapungua. Haiishi, lakini. Na kama vidonda vyako huwa vinaota makovu ya kuvimba, mwambie daktari mapema.

Jina fupi kama hilo linaweza pia kukatwa na kushonwa, unabaki na kovu la mstari. Hapo Kigoma anzia hospitali ya Maweni uombe ushauri na rufaa kwa daktari wa ngozi. Hospitali ya KCMC, Moshi, wana kituo cha magonjwa ya ngozi. Kulifunika kwa mchoro mwingine inawezekana, ila mchoro huo utakuwa mkubwa na mweusi zaidi, usije ukashangaa.