Maswali na Majibu ya Gereji: Kulanti ya Intakula Inakwenda Wapi?

Barua za mwezi huu kuhusu magari ya turbo yanayopoteza kulanti (maji yenye dawa ya kupozea), hasa ya intakula (kipoza hewa ambayo turbo huisukuma kwenye injini), ni nyingi, na nyingi kati yake zina sentensi moja tu: "Gari langu linakunywa maji, nifanyeje?" Sijui. Nimekwisha kuomba mara nyingi kwamba msomaji ataje aina ya gari, tanki linalopungua, kiasi kinachopungua na umbali aliotembea. Waliojitahidi kueleza zaidi ya sentensi hiyo ndio ninaowajibu leo.

Shikamoo fundi. Nina Toyota Celica GT-Four, ile ya ST205. Maji ya injini hayapungui, lakini kulanti ya intakula hupungua karibu nusu lita kila ninapokwenda Masasi na kurudi. Chini ya gari sioni tone. Fundi wangu anasema gasketi ya hedi imekufa, tufungue injini. (Shangani, Mtwara)

Marahaba. Usimruhusu aguse hata boliti moja ya hedi. ST205, gari lililoanza kuuzwa mwaka 1994 likiwa na damu ya rali, lina intakula inayopozwa kwa maji, na mzunguko wa maji hayo una rejeta yake ndogo mbele, pampu yake ya umeme na mfuniko wake, mbali na maji yanayopoza injini. Gasketi ya hedi, inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, haina njia ya kuyafikia. Fundi asiyejua kwamba gari lina mizunguko miwili atakufungulia injini nzima, akurudishie, na nusu lita itaendelea kupotea kama kawaida.

Kulanti ya intakula haifiki joto la kuchemka katika matumizi ya kawaida, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba imekaushwa na jua la kusini. Ikipungua, imevuja, ama kwa nje ama kwa ndani. Kutokuona tone si ushahidi, kwa maana tundu dogo huweza kuvuja gari likiwa mwendoni tu, na upepo wa barabarani ukakausha kila kitu kabla hujaegesha. Anza na rejeta ndogo ya mbele, kwa kuwa ndiyo inayopokea mawe ya barabara za vumbi na hewa ya chumvi ya bahari. Kisha pitisha tochi kwenye kila klempu ukitafuta alama nyeupe au ya kijani iliyoganda mithili ya chumvi kwenye sufuria.

Usipoona kitu, injini ikiwa imepoa kabisa, funga pampu ya mkono yenye geji mahali pa mfuniko, ipandishe presha hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko huo na si zaidi, kisha uiache kwa saa moja. Mshale ukishuka huku nje pote ni pakavu, mtuhumiwa ni intakula yenyewe. Itoe, ziba mdomo mmoja wa maji, ingiza hewa kidogo kwenye mdomo wa pili na uizamishe ndani ya maji. Mwaka jana nilizamisha moja kwenye beseni la kufulia. Kwa dakika mbili maji yalitulia hata mwenye gari akaanza kunicheka, ndipo ukapanda uzi wa vipovu vidogo, kimoja kimoja, kutoka kwenye kona moja ya kiungo.

Zingatia pia wakati inapopotea. Turbo ikisukuma, presha ya hewa ndani ya intakula huwa kubwa kuliko ya maji, hivyo hewa hupenya majini, tanki hutoa mapovu na kulanti hufukuzwa kupitia kwenye mfuniko. Ndiyo maana wewe huipoteza safarini. Ukizima injini mambo hugeuka, na sasa ni kulanti inayochuruzika kuingia kwenye njia ya hewa. Maji hayabanwi: yakikaa juu ya pistoni nawe ukapiga stata, kinachopinda ni konrodi, mkono unaoishika pistoni. Ukiwa na shaka hiyo, gari lisitembee. Toa plagi zote kwanza, piga stata na utazame kinachoruka.

Forester yangu ya SG5 yenye turbo inapoteza kulanti kwenye intakula. (Mingoyo)

Haiwezekani, kwa sababu intakula ya gari hilo hupozwa kwa hewa inayoingia kwenye tundu la boneti na haina hata kijiko cha maji. Kagua mipira midogo ya maji inayokwenda kwenye turbo, ambayo hukomazwa na joto hadi ikapasuka.

Golf 1.4 TSI, nguvu farasi 122, hutoa moshi mweupe kila asubuhi na tanki hupungua taratibu. (Newala)

Kwako hali ni tofauti na ya msomaji wa Shangani, kwa kuwa katika injini hiyo maji ya intakula na ya injini hutumia tanki moja, hivyo gasketi ya hedi nayo ni mtuhumiwa halali. Zaidi ya hapo, intakula yako imo ndani ya manifoldi (njia inayogawia silinda hewa), baada ya throto (mlango wa hewa), mahali ambapo injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, hufyonza kwa nguvu. Tundu dogo hapo huinywesha injini kulanti hata ukiwa umesimama.

Asubuhi za uwanda wa juu wa Newala zina baridi, na moshi unaokwisha baada ya dakika moja bila tanki kupungua ni mvuke tu wa ekzosi. Wako unaambatana na upungufu, kwa hiyo pima. Tumia kwanza dawa ya bluu inayowekwa kwenye mdomo wa tanki. Ikigeuka njano, gesi ya silinda imo majini na hedi ina kesi. Ikibaki bluu, acha mfumo na presha usiku kucha, kisha ingiza kamera ndogo ya waya kwenye matundu ya plagi. Pistoni iliyosafishika peke yake kati ya nne zenye masizi itakuonyesha silinda inayopokea kulanti.

Lindi hakuna barafu. Kwa nini nisitie maji ya kisima? (Lindi mjini)

Swali hili nimelijibu hadi nimechoka. Kulanti haikutengenezwa kwa ajili ya barafu pekee. Ina dawa za kuzuia kutu, na intakula yako ni ya alumini yenye vijia vyembamba. Maji ya visima vya pwani yana chumvi, na chumvi hutoboa alumini kutoka ndani. Changanya nusu kulanti, nusu maji yaliyotoneshwa. Ukienda dukani kuyatafuta utapewa "maji ya betri", nawe usome chupa, kwa sababu asidi nayo huitwa kwa jina hilo hilo. Usichague kulanti kwa rangi, kwani rangi si kipimo cha chochote, na aina zisizopatana zikichanganywa huweza kuganda kama uji. Unga wa kuziba matundu usiutie kabisa. Hauchagui tundu na njia. Na kulanti chakavu usiimwage uani, kwa kuwa ina ladha tamu na huua paka, mbuzi na hata mtoto.

Nimebadilisha mpira wa intakula. Kiwango kilishuka siku mbili kisha kikatulia. (Mikindani)

Ilikuwa hewa iliyonaswa. Jaza, piga alama kwa kalamu kwenye tanki asubuhi injini ikiwa baridi, na uitazame tena baada ya wiki.

Kila nikifika kutoka Kilwa, maji safi hutona chini, upande wa abiria. (Lindi)

Ulikuwa umewasha kiyoyozi. Yaguse: kama hayatelezi wala hayanuki, nenda kapumzike.