Kidonge cheusi cha TTF-TCNQ: mbona kinakatala kupitisha umeme?

Swali: Yaya, tuko wanafunzi wa kemia hapa Lubumbashi. Tulichanganya TTF (molekuli ya kaboni inayotoa elektroni) na TCNQ (ile inayozipokea), tukapata unga mweusi, tukaukandamiza kidonge. Kitabu kinasema hiyo kitu inapitisha umeme kama chuma, lakini multimeta inatupa makumi ya om (kipimo cha ukinzani wa umeme), na tukikazia ncha zake kwenye kidonge namba inashuka. Tumeharibu?

Jibu: Mudogo wangu, hamujaharibu. Vitu viwili vya rangi ya chungwa vikatoa kitu cheusi, njo alama elektroni zimehama. Sasa hiyo namba inayoshuka ukikazia ncha si ya kidonge hata, ni ya pale ncha inagusa tu. Wekeni waya nne: mbili za nje zipitishe kuran (mkondo wa umeme), mbili za ndani zipime volti.

Hata hivyo hamutafikia namba ya kitabu. Ile simensi (kipimo cha kupitisha umeme) karibu 500 kwa sentimita, iliyoshangaza watu mwaka 1973, ni ya kristali moja, tena kwa urefu wake. Mule ndani TTF zimepangwa safu yao, TCNQ safu yao, kama sahani juu ya sahani, na elektroni inashuka na safu yake, kukata kwenda ya jirani ni shida mara mamia. Kwenye kidonge kristali ndogo zenye umbo la sindano zimelala ovyo kama kibiriti kilichomwagika, kila mpaka ni barriere, kizuizi.

Na TTF haitoi elektroni nzima, inatoa kama 0.59 hivi, na hapo njo utamu wenyewe. Ingetoa nzima, ingekuwa kama taksi-bisi ya kwenda komini ya Kenya hapa Lubumbashi, kila kiti na mtu wake, nani atasogea? Ila ukiipoza chini ya kelvini 54 molekuli zinajisogeza, safu inapoteza mpangilio wake sawa, uchuma unakufa.

Na mukiifanya nyuzi za nano, nyembamba zisizoonekana kwa macho, ndio mbaya zaidi, maana kwenye njia nyembamba vile kasoro moja inafunga safu nzima, elektroni haina pa kuzungukia. Wale wanaosema hii itafukuza shaba yetu ya Katanga walale tu, shaba iko na simensi kama 600,000 kwa sentimita.

Jaribuni hivi: yeyusheni kila moja peke yake mu asetonitrili ya moto, changanyeni, muache ipoe polepole usiku mzima bila kutikisa, halafu muokote sindano moja ndefu na pensi, muipime hiyo, kidonge muwachane nacho.