Chama cha siri au chama chenye siri?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Natafsiri maelezo ya kipindi cha redio kuhusu vyama vya siri katika historia. Mhariri amenirudishia sentensi hii akisema "haikai": "Tarehe 4 Novemba 1752, George Washington alianzishwa katika jamii ya siri ya Freemason, ambayo alama yake ni dira na mraba, kwenye loji moja ya Fredericksburg, Virginia." Tatizo liko wapi? Na je, tuandike Freemason, Mafreemason au Wafrimasoni? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Tarehe na mahali havina tatizo: Washington alipokewa siku hiyo, akiwa na umri wa miaka 20. Kiswahili ndicho kimeteleza, tena zaidi ya mara moja.

Tuanze na jamii. Kwetu jamii ni watu wanaoishi pamoja na kurithishana maisha: jamii ya wavuvi, jamii ya wafugaji, ustawi wa jamii. Mtu huzaliwa ndani ya jamii, lakini chama hujiunga nacho. Mawakili wana chama, waashi wana chama, na hata akina mama wanaochangiana kila mwezi kule Kenya wana chama. Ukisema "jamii ya siri", msikilizaji wa redio atapata picha ya kijiji kizima kilichojificha msituni. Andika chama. Najua Tanzania ukitaja "Chama" bila kuongeza kitu watu wanafikiria siasa, ila maneno yanayofuata yataondoa utata huo.

Sasa tuje kwenye siri yenyewe, maana hapa tafsiri inaweza kupotosha hata historia. Kiswahili kina njia mbili za kuunganisha chama na siri. Kikao cha siri ni kikao ambacho wasiohusika hawatakiwi kujua kama kipo. Mtu mwenye siri unamjua, unamsalimia, pengine mnakaa mtaa mmoja; usichokijua ni lile alilonalo moyoni. Kwa hiyo chama cha siri kimefichwa chenyewe, na chama chenye siri kinaonekana ila kimefungia baadhi ya mambo yake ndani. Kipimo ni chepesi: waulize majirani kama wanajua kipo na kinakutania wapi.

Carbonari wa Italia, wanamapinduzi waliojiita "wachoma mkaa", ni chama cha siri bila ubishi. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19, kukiri uanachama mbele ya polisi wa mfalme kulikuwa kujitafutia gereza. Ndiyo maana walizungumza kwa lugha ya biashara ya mkaa: tawi lao waliliita vendita, yaani mauzo, na wenyewe waliitana binamu wema. Mwaka 1820 uasi wao kule Naples ulimlazimisha Mfalme Ferdinand kukubali katiba. Filiki Eteria, Chama cha Marafiki, kilichoundwa na Wagiriki watatu mjini Odessa mwaka 1814 na kuandaa vita vya uhuru vya 1821, nacho ni cha siri. Vivyo hivyo Mkono Mweusi wa Serbia wa mwaka 1911, ambao jina lake rasmi lilikuwa Muungano au Kifo. (Huu ukiutaja, chunga kitenzi. Gavrilo Princip alikuwa kijana wa kundi la Bosnia Changa. Watu wa Mkono Mweusi waliwapa yeye na wenzake silaha. Ukiandika "Mkono Mweusi ulimuua Franz Ferdinand", yule mrithi wa ufalme wa Austria aliyepigwa risasi na Princip mwaka 1914, umeruka hatua nzima.)

Wafrimasoni hawaingii kwenye kapu hilo. Loji nne za London, yaani matawi yao, zilipoungana tarehe 24 Juni 1717, zilikutana kwenye kilabu cha pombe, na mwaka 1723 katiba yao ikachapishwa kitabu. Dar es Salaam ukumbi wao uko barabara ya Sokoine, wapita njia wanauona. Marehemu Sir Andy Chande, aliyekuwa mkuu wao Afrika Mashariki kwa miaka mingi, hakuficha uanachama wake. Walichofunga ni ibada zao za kupokeana na ishara za kutambuana. Basi ni chama chenye siri. Wenyewe hupenda kujieleza hivyohivyo, na kwa upande wa sarufi nakubaliana nao, hata kama mtu hawapendi.

Usiwachanganye na Iluminati, ingawa mitaani majina haya mawili siku hizi yanabadilishana kama viatu vya msikitini. Iluminati kilianzishwa na Adam Weishaupt, profesa wa sheria, mjini Ingolstadt, Bavaria, tarehe 1 Mei 1776. Kilikuwa cha siri hasa: Weishaupt alijiita Spartacus na mji wa Ingolstadt ukaitwa Eleusis. Amri za serikali za 1784 na 1785 zilikipiga marufuku kabla hakijatimiza miaka kumi.

Kuna neno la tatu ambalo watafsiri hulisahau: chama haramu. Hilo ni la kisheria, halisemi lolote kuhusu kujificha. Mau Mau ilipigwa marufuku Agosti 1950 kama chama haramu, na Jomo Kenyatta alihukumiwa Kapenguria Aprili 1953 miaka saba ya kazi ngumu kwa madai ya kukiongoza. Marufuku yenyewe haikufutwa mpaka 2003, miaka arobaini baada ya uhuru, wakati ambapo hapakuwa na siri yoyote iliyobaki. Katika maandishi ya kipindi kile, tafsiri kwanza kile sheria ilichosema, halafu ndipo uamue kama utaiita Mau Mau chama, vuguvugu au jeshi. Wapiganaji wenyewe walijiita jeshi la ardhi na uhuru.

Sasa "alianzishwa". Hapa mhariri alikuwa na haki ya kutupa kalamu. Kinachoanzishwa ni mradi, shule au ugomvi. Mtu huingizwa, hupokewa, au hutiwa, kama tunavyosema kutiwa jandoni. Kiswahili ni tajiri upande huu kwa sababu watu wake wamepita huko: kuna mwari, kungwi, manyakanga, kumbi, na miiko ya kutosimulia yaliyofanyika ndani. Msamiati huo utumie panapofanana. Poro ya wanaume na Sande ya wanawake, kule Sierra Leone na Liberia, huchukua vijana msituni, huwafunda, kisha huwarudisha wakiwa watu wazima. Kila mtu kijijini anajua msitu uko wapi, ila asiyepitishwa haingii. Hapo "mwari" na "kumbi" vinakaa sawasawa, na msomaji wa Mtwara ataelewa bila maelezo kwa nini Poro iliweza kubeba ujumbe wa uasi dhidi ya kodi ya nyumba mwaka 1898. Lakini usije ukaandika kwamba Washington alichezwa. Alipokewa, basi.

Kiapo nacho kina vitenzi vyake. Mtu anaapa au anakula kiapo. Wa pwani atasema pia anakula yamini. Anayeapisha anamwapisha. Kulishwa kiapo ni jambo jingine: kuna mkono wa mtu mwingine, na mara nyingi kuna nguvu. Katika habari za Kenya ya 1952 tofauti ya "alikula kiapo" na "alilishwa kiapo" inaweza kuwa tofauti ya mpiganaji na mtu aliyetolewa kitandani usiku, kwa hiyo usizitumie kana kwamba ni mamoja. Mgikuyu kwa lugha yake hunywa kiapo. Sisi tunakila, kama tunavyokula njama. Njama, kwa asili yake, ni mashauri ya faragha tu. Ubaya umeingia baadaye, na leo ukisema watu wamekula njama umekwisha kuwahukumu. Usiite mkutano wa chama njama kama huna ushahidi wa hila.

Dira ni kosa ninalokutana nalo kila wiki. Dira inamwonyesha nahodha kaskazini. Chombo cha miguu miwili cha kuchorea duara ni bikari, kile kilichomo kwenye mkebe wa hesabu wa mwanafunzi. Na "mraba" ni umbo la pande nne sawa. Alama ya Wafrimasoni ni skwea, ile ya fundi ya kupimia pembe ya digrii 90. Ukizungumza na fundi yeyote wa ujenzi atakupa na timazi, pimamaji na mwiko, ambavyo vyote utavihitaji ukiendelea na kipindi chako, kwa kuwa ishara zao zimetokana na uashi. Daraja zao tatu pia zinatafsirika bila kuhangaika: mwanagenzi, fundi, fundi mkuu. Washington alikuwa fundi mkuu Agosti 1753, miezi tisa baada ya kupokewa.

Loji iache, ila itambulishe: "loji ya Wafrimasoni". Ikisimama peke yake, msikilizaji wa Morogoro ataelewa gesti, na mkutano utakuwa wa aina nyingine kabisa.

Kuhusu jina, nafuata kanuni tunayotumia kwa wafuasi: Mkristo, Mlutheri, Mkomunisti. Kwa hiyo Mfrimasoni, Wafrimasoni, na itikadi yao Ufrimasoni. "Freemason imejenga" ni kosa la upatanisho: ni Wafrimasoni wamejenga, au Ufrimasoni umeenea. "Waashi Huru" ni tafsiri sahihi ya maneno, na inafaa mara moja, mwanzoni, kueleza jina limetoka wapi; ukiendelea nayo watu watadhani ni chama cha wafanyakazi. Ujue tu kwamba mtaani "Frimasoni" sasa ni yeyote aliyetajirika ghafla, na wale wanaobandika kwenye nguzo za umeme matangazo ya "jiunge" kisha wakadai ada kwa simu wanaishi kwa maana hiyo ya mtaani. Katika kipindi cha historia, tumia ile ya 1717.

Mrudishie mhariri hivi: "Tarehe 4 Novemba 1752, George Washington alipokewa katika loji ya Wafrimasoni ya Fredericksburg, Virginia, chama chenye siri ambacho alama yake ni skwea na bikari."