Uliza Ujibiwe: Kura za posta zikifika zimechelewa, mahakama itasemaje?

SWALI: Za kazi kaka mhariri. Mimi Mtanzania wa kuzaliwa ila nilishachukua uraia wa Marekani, naishi Seattle, na huku kura tunapiga kwa posta, karatasi inakuja mpaka nyumbani unajaza unaituma. Sasa nasikia Mahakama ya Juu inaweza kuamua kwamba kura ikifika baada ya siku ya uchaguzi haihesabiwi hata kama uliituma ndani ya muda. Mume wangu anasema kesi imeshaisha maana majaji 6 kati ya 9 waliteuliwa na marais wa Republican, na ameanza kuchungulia zile saiti za kubeti maamuzi ya mahakama. Ni kweli imeshaisha?
– Mama Wawili, Seattle

JIBU: Salama dada. Mwambie shemeji pochi irudi mfukoni kwanza, huo mkeka unaweza kuchanika vibaya.

Kesi yenyewe imetoka Mississippi, na hapo ndo utamu ulipo. Jimbo hilo ni la Republican kabisa, na mwaka 2020 wakati wa korona bunge lao lilipitisha sheria kwamba kura ya posta yenye muhuri wa siku ya uchaguzi au kabla ihesabiwe ikifika ndani ya siku 5 za kazi. Mwaka 2024 chama cha Republican cha taifa kikaishtaki Mississippi, yaani wenyewe kwa wenyewe, na anayeitetea sheria ni Michael Watson, waziri wa jimbo anayesimamia uchaguzi, naye Republican vilevile. Jaji wa kwanza akasema sheria iko sawa. Wakakata rufaa kwenye mahakama ya rufaa ya shirikisho kule New Orleans, majaji watatu, wote wa kuteuliwa na Trump, wakasema hapana, na Novemba 2025 Mahakama ya Juu ikakubali kuichukua. Wakati naandika hapa uamuzi bado.

Wanachobishania kinaonekana kidogo ila kina mizizi mirefu. Tangu 1845 sheria ya shirikisho inasema uchaguzi wa rais ni Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba, baadaye ikaongezwa ya wabunge na maseneta. Wanaopinga wanasema uchaguzi haujakamilika mpaka serikali iipokee kura mkononi, kwa hiyo ikifika Jumatano siku imeshapita. Mississippi inasema uchaguzi ni mpiga kura kuchagua, ukishaituma umeshachagua, kilichobaki ni kazi ya posta na makarani. Mwaka 1997 mahakama hiyohiyo iliibana Louisiana iliyokuwa inamaliza uchaguzi wa wabunge mwezi Oktoba, majaji wote 9 wakakubaliana, ila wakakataa kusema ni vitendo gani hasa lazima vifanyike siku ileile. Kwa hiyo kila upande unaitumia kesi hiyohiyo, na kila upande unajiona umeshinda nayo.

Sasa kubashiri. Mi siangalii nani kateuliwa na nani, naangalia walichoshaandika. Oktoba 2020 kulikuwa na kesi mbili karibu sawa, ya Pennsylvania mahakama ya jimbo ndiyo iliyoongeza siku 3 za kupokea kura za posta na ya Wisconsin jaji wa shirikisho ndiye aliyeongeza, na Jaji Mkuu John Roberts akaiacha ya Pennsylvania ipite akaizuia ya Wisconsin, akisema wazi kwamba tofauti ni nani aliyegusa sheria. Mississippi iliyogusa ni bunge la jimbo lenyewe, kwa mtu wa fikra zile hiyo ni hoja nzito. Jaji mwenzake Kavanaugh yeye aliandika kwenye ile ya Wisconsin kwamba kura nyingi zikiingia baada ya siku ya uchaguzi na kupindua matokeo zinaleta vurugu na shaka, lakini humohumo akasifu mabunge ya majimbo kupanga mambo yao, sasa hapo utamshika wapi? Majaji wengine, Thomas, Alito na Gorsuch nawaweka upande wa kuzikataa, Kagan, Sotomayor na Jackson upande wa kuzihesabu. Anayebaki ni Barrett, ambaye 2020 hakushiriki kesi zile. Ukinibana niseme, nasema Mississippi inapita 5 kwa 4, Roberts na Barrett wakiwa ndani. Ila pesa yangu siweki, maana wanaweza pia kuamua nusunusu wakairudisha kesi mahakama za chini, na hapo ndo mtabishana na saiti kuhusu maneno ya mkeka.

Na watu wasidhani kura za kuchelewa ni za chama kimoja. Uchaguzi wa rais wa mwaka 2000, Bush wa Republican alimshinda Gore wa Democratic jimbo la Florida kwa kura 537, na bila kura za ng'ambo zilizofika baada ya siku ya uchaguzi, nyingi za wanajeshi, Gore angekuwa mbele kwa 202. Hili Warepublican wengi siku hizi hawalitaji.

Wewe dada usisubiri majaji. Jaza mapema, itumbukize kwenye yale masanduku rasmi ya kura ya kaunti yako, maana hata muhuri wa posta siku hizi si wa kuutegemea, posta yenyewe ilieleza mwishoni mwa 2025 kwamba tarehe iliyopigwa si lazima iwe siku uliyokabidhi barua.

SWALI: Mbona majaji wa Marekani wanachukua miezi yote hiyo kwa kesi hii ya Mississippi? Kwetu Kenya kesi ya urais inaisha ndani ya siku 14.
– Msomaji, Mombasa

JIBU: Ni kweli, katiba yenu ndiyo inawabana majaji, na ndani ya muda huohuo Septemba 2017 walifuta uchaguzi wa urais mzima. Marekani hakuna saa kama hiyo, wana desturi tu ya kumaliza kesi zao kabla ya likizo, mwisho wa Juni au Julai mwanzoni. Wakitaka wanakimbia, ile ya Bush na Gore waliisikiliza Desemba 11, 2000 na kesho yake wakaamua. Hii ya Mississippi hakuna mtu anayesubiri kuapishwa, ndo maana hawana presha.