Jiko jipya kwa siku 3, inawezekana?

Inawezekana, ila zile siku 3 za Kitchen Crashers, kipindi cha TV cha Marekani cha kukarabati majiko ya nyumbani (mtangazaji Alison Victoria alikuwa anamwibukia mtu dukani, anaenda kumbomolea jiko), zilikuwa za kubomoa na kufunga tu, tena na kikosi kizima cha mafundi. Kinachochelewesha jiko la kawaida ni kaunta ya jiwe. Haipimwi mpaka kabati za chini zifungwe ukutani na kunyooshwa kwa pimamaji. Kabati ikisogea hata milimita 5 baada ya vipimo, tundu la sinki linakaa upande na nyuma unabaki mwanya. Kuanzia kupima hadi jiwe kuletwa, karakana nyingi huchukua wiki 1 mpaka 2. Huna muda huo? Weka kaunta ya mbao au laminati (ubao uliofunikwa tabaka la plastiki ngumu), inakatwa palepale.

Vigae navyo: gundi ya kawaida inataka kama saa 24 kabla ya grauti (ujazo wa katikati ya vigae), ya kukauka haraka saa 3 au 4. Ukiwahisha, vigae vinacheza na grauti inapasuka. Maungio ya bodi za jipsamu, tumia plasta ya unga inayoganda kwa dakika 45, si ile ya ndoo iliyochanganywa tayari, hiyo inakula siku nzima kwa kila mkono (tabaka).

Halafu nyaya na mabomba: Marekani sehemu nyingi mkaguzi lazima azione kabla ukuta haujafungwa, na hafuati ratiba ya kamera. Kwako panga wiki 4 hadi 6, kabati zikiwa zimeshafika.